Magoti Mbele ya Mlango wa Karatasi

Spånga, Jumatatu ya Novemba.

Tangu asubuhi inanyesha ile mvua isiyo mvua wala theluji, inayokupiga usoni kama imetumwa. Saa tisa na nusu alasiri giza limeshaingia. Nimemaliza zamu, nimekaa jikoni na koti bado mwilini, na nina jambo ambalo sijamwambia mtu.

Jana asubuhi nilimpigia baba yangu magoti, na hakujua kuwa ni mimi.

Kwa mliofika hapa karibuni: baba yangu ni Mganda, marehemu mama yangu alikuwa mtu wa Mombasa, na walikutana Nairobi wakati baba ameikimbia nchi yake. Kwa watu wa rika lake Kiswahili kilikuwa lugha ya wanajeshi, lugha ya kubomolewa mlango. Akajifunza kwa ajili ya mama, kikawa ndiyo lugha ya nyumba yetu, kwanza Nairobi, kisha huku Uswidi, Märsta nilikokulia. Ndiyo maana naandika kwa Kiswahili. Mama alikwenda miaka kumi iliyopita. Sasa baba naye anajiandaa kuondoka. Ana saratani ya ini, na tangu Septemba yuko hapohapo Märsta kwenye nyumba ya wagonjwa ambao madaktari wameacha kuwatibu na wanawapunguzia maumivu tu.

Na mimi ndiye mtoto wake wa pekee, yule aliyemwaibisha.

Ilikuwa miaka sita iliyopita, kwenye kwanjula yangu, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi. Baba alikodi ukumbi Skärholmen. Alialika Waganda wenzake wa uhamishoni, wazee waliokula naye chumvi, na wakaja na kanzu zao zilizokaa kwenye masanduku tangu ujana. Mimi nilivishwa gomesi, lile vazi refu la Kiganda lenye mshipi mpana. Kazi yangu ilikuwa moja tu: niingie, nipige magoti mbele ya baba na wazee, niwaamkie. Mabinti wa Kiganda wamefanya hivyo tangu dunia iumbwe.

Mchumba wangu alikuwa Mswidi. Wazazi wake walikuwa wamekaa mstari wa mbele, na wenzangu wawili wa kazini walikuwa nyuma wakipiga picha. Nilipoingia nikawaona wakinyanyua simu zao. Nikajiona kwa macho yao, mwanamke mzima, dereva wa treni ya chini ya ardhi, ananyenyekea sakafuni. Mama aliyewekwa kuwa shangazi yangu wa siku ile akanivuta gomesi kwa chini. Sikushuka. Niliwaendea wazee nikawapa mkono mmoja mmoja, kama niliyeitwa kwenye usaili wa kazi.

Mzee mmoja alisema, kwa Kiswahili ili hata mimi nisikose kuelewa, kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hakunitazama mimi aliposema hivyo, alimtazama baba. Baba aliinuka. Alivaa koti lake zito juu ya kanzu, akatoka, akapanda treni peke yake hadi Märsta. Chakula kilibaki.

Mama alikuwa akisema heshima si utumwa. Laiti angekuwepo siku ile, labda ningeshuka. Au labda najidanganya.

Ndoa yenyewe haikufika mbali, miaka miwili na miezi kadhaa. Baba hakusema "nilikwambia". Kwa miaka sita nimekwenda kwake kila Jumamosi, na kila Jumamosi tumezungumza hali ya hewa. Treni yangu ni ya laini nyekundu, kwa hiyo naipita Skärholmen mara kadhaa kwa siku. Nafungua milango, nafunga milango, naondoka.

Sasa nieleze habari ya Japani.

Zamani, kabla ya ukimbizi, baba alikuwa afisa wa kilimo cha mpunga. Serikali ilimpeleka Japani miezi mitatu kujifunza, akalala kwenye nyumba ya wageni ya kienyeji huko mashambani. Hadithi ya nyumba hiyo nimeisikia kwenye kila karamu ya utoto wangu. Asubuhi ya kwanza mwenye nyumba, mama wa makamo, alifungua mlango akiwa amepiga magoti, na chai mbele yake. Baba akageuka nyuma kuangalia ni chifu gani anayeamkiwa. Asubuhi ya pili, kwa kuwa amelelewa vizuri, alimjibu kwa maamkizi marefu ya Kiganda, yale ya kuulizana habari za watu wote hadi mbuzi. Yule mama akajibu kwa Kijapani. Wakaenda hivyo mpaka mwisho, hakuna aliyeelewa neno. Baba alikuwa akimalizia kwa kusema watu wenye adabu ni walewale dunia nzima.

Kwenda Japani hawezi tena. Lakini nje ya Stockholm, kati ya misonobari na maji, kuna nyumba ya wageni ya Kijapani. Niliweka nafasi. Daktari alimruhusu kutoka Jumamosi mpaka Jumapili, muuguzi akanifungia dawa na ukurasa mzima wa maelekezo.

Nitasema ukweli. Nilitaka safari hiyo iombe msamaha kwa niaba yangu. Nilitaka nikae tu, nyumba ifanye kazi.

Mlangoni unavua viatu, na kitimagurudumu hakiruhusiwi kukanyaga ile mikeka minene. Mhudumu wetu, Kazue, Mjapani wa miaka kama sitini, alishikanisha mikono yake na yangu tukambeba baba baina yetu mpaka chumbani. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba niliogopa. Kazue akatuletea yukata, yale majoho ya pamba ambayo kila mgeni huvaa, akaondoka kinyumenyume.

Nilisahau kitu kimoja nilipopanga safari hii. Katika nyumba ya Kijapani kila kitu kiko chini. Meza iko chini, chai iko chini, godoro linatandikwa chini. Mgonjwa wako naye yuko chini. Huwezi kumhudumia ukiwa umesimama.

Nikachuchumaa. Nilimfunga mshipi wa joho nimechuchumaa, nikampa matone ya dawa nimechuchumaa, nikamshika bakuli la uji wa wali nimechuchumaa kama mtu wa chooni. Mapaja yalikuwa yanawaka moto. Kazue alipoingia alipiga magoti bila kufikiri, kama mtu anavyovuta kiti. Baba alimtazama Kazue, kisha akanitazama mimi, kisha akatazama dirisha.

Magoti yangu ni makaidi kuliko mimi. Nilijua ninachofanya, na bado nilifanya.

Kwenye mabwawa ya maji moto hakuweza kuingia kwa sababu ya mrija alio nao ubavuni. Tulikaa dirishani tukawatazama wageni wengine wakipita kwenye baridi na majoho yao yanayofanana, mvuke ukipanda juu ya maji. Baba akasema wanafanana na wagonjwa wenzake. Nilicheka, naye akacheka kidogo mpaka maumivu yakamkatiza. Wakati wa chakula alichukua punje ya wali, akaisogeza karibu na jicho, akatoa hukumu kwamba huo si mchele wa Japani, ni wa Italia. Hivyo ndivyo alivyo. Mwili umeisha lakini afisa wa mpunga yuko kazini.

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Nimeifanyia mazoezi ndani ya treni kwa miaka. Nikafungua kinywa, nikauliza kama anadhani theluji itashika mwaka huu.

Jumapili asubuhi nilimpa dawa yake ya saa moja, nikamwacha anasinzia, nikaenda kuoga. Niliporudi nilikuwa nimevaa joho la nyumba, taulo nimejifunga kichwani. Kazue alikuwa kwenye ukumbi na sinia ya chai. Nikamwambia kwa Kiswidi aniachie, nitaipeleka mwenyewe. Akanionyesha inavyofanywa: unaweka sinia sakafuni, unapiga magoti, unasukuma mlango wa karatasi kwa mikono miwili, unaisogeza sinia ndani, unainama.

Hapo ndipo nilipoona upenyo wangu, na ndiyo aibu ninayoiandika leo. Nilitaka kupiga magoti bila kuonekana kwamba nimepiga magoti. Baba ataona, moyo wake utatulia, na mimi nitakuwa nimefuata tu utaratibu wa hoteli. Kama angeniuliza, ningesema mlango ndivyo unavyofunguliwa.

Nikashuka. Mkeka ulikuwa na baridi. Nikasukuma mlango, nikaisogeza sinia, nikainamisha kichwa mpaka paji la uso likakaribia sakafu.

Baba alisema, "Arigato," yaani asante kwa Kijapani.

Kisha akaendelea kwa Kiingereza. Baba hajawahi kunisemesha Kiingereza tangu nizaliwe. Hicho ni cha maofisini na cha watu asiowajua. Miwani yake ilikuwa rafuni, chumba kilikuwa na mwanga hafifu wa kijivu, na dawa ile siku nyingine humfanya amwone mama akipita. Alikuwa anaongea na mhudumu. Sijui ni Kazue, au ni yule mama wa zamani wa mashambani.

Alinishukuru kwa chai. Akasema niende polepole, binti yake amelala chumba cha pili, amechoka, ni yeye aliyemleta mpaka huku. Akasema kwao mabinti huamkia hivi kama nilivyofanya, ila wake hakutaka. Alisema bila hasira, kama anayeeleza shamba lililokataa mbegu. Alisema hajafanikiwa kumsamehe. Kila Jumamosi hujiambia leo ndiyo leo, halafu binti anaingia na viatu vyake na sauti yake kubwa, na yeye anajikuta anazungumzia theluji.

Nilikuwa bado nimeinama. Ningeweza kusema neno moja tu, "Baba."

Sikusema. Naandika hili ili nisije nikalipamba baadaye. Sikunyamaza kwa sababu ya mshtuko. Nilinyamaza kwa sababu kwa mara ya kwanza katika miaka sita baba yangu alikuwa ananiambia kitu, na niliogopa akinijua ataacha.

Akaniuliza kama baba yangu yu hai.

Nikatikisa kichwa, hapana. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu mhudumu wa umri ule, baba yake angekuwa ameshakufa. Labda kwa sababu nilikuwa nimeingia kwenye uongo na sikujua njia ya kutokea.

Akasema amesikitika sana. Akajitahidi kuinua mkono kutoka kwenye shuka, akanielekezea kiganja, kama wazee wetu wanavyofanya msibani. Baba yangu alinipa pole ya msiba wake mwenyewe.

Nikarudi nyuma kwa magoti, nikaufunga mlango, nikakaa ukumbini mgongo ukutani. Kazue alipita, akaniona nalia, akakaa chini pembeni yangu. Baadaye nilivaa suruali na sweta, nikaingia kwa miguu, kwa sauti yangu kubwa, nikamwuliza ameamkaje. Akasema kwa Kiswahili kwamba ameamka vizuri, na kwamba chai ya watu hawa haina sukari lakini wana adabu. Akavaa miwani. Akatazama nje, akasema theluji haitashika.

Tangu jana najiuliza kama alijua. Baba ni mtu wa mizaha, amewahi kumfanyia mama mzaha wa wiki nzima bila kutabasamu. Inawezekana alinitambua mlangoni, akachagua Kiingereza kwa sababu kwa Kiswahili asingeweza. Mara naamini hivyo, mara naona najitafutia usingizi tu. Kama alijua, basi sote wawili tulijificha nyuma ya mhudumu. Kama hakujua, binti yake bado amesimama katikati ya ukumbi wa Skärholmen, anawapa wazee mkono.

Muuguzi alinipigia leo mchana nikiwa kwenye mapumziko. Baba amelala karibu siku nzima, hanywi isipokuwa wanamlowesha midomo. Asubuhi alifumbua macho kwa muda, alisema, ilipokaribia saa mbili. Akaniuliza kama kuna ndugu wengine wa kuitwa. Nikamwambia hakuna, ni mimi tu.

Nimeomba ruhusa kazini. Kesho nitapanda treni ya kwanza kwenda Märsta. Kitanda cha pale kimeinuka, ni cha hospitali, nikipiga magoti kichwa changu kitakuwa usawa wa mkono wake, na wauguzi watapita, na watatazama, na watatazama tu. Nimelitoa gomesi kabatini. Linanuka sanduku, mshipi wake umefifia, na sijui kulifunga vizuri peke yangu. Nitalivaa hivyohivyo.

Sitasubiri anitambue. Kabla sijamwamkia nitasema, "Baba, ni mimi, Nalubega."