Itoke Getini Yenyewe

Jumapili, 4 Mei

Itambulike na wote wanaohusika, yaani mimi: kuanzia saa tatu asubuhi ya leo meza ya chakula imeacha rasmi kuwa meza ya chakula. Magazeti yametandazwa. Juu yake imelala injini ya pikipiki ya marehemu baba mkwe, nusu yake ya juu imefunguliwa – silinda, kifuniko chake kiitwacho hedi, valvu mbili. Watu wa nyumba hii watakula wakipakata sahani hadi itakapotangazwa vinginevyo.

Mke wangu akauliza kama na kitanda kitahitajika.

Niandike sharti, nisije nikajidanganya baadaye. Shemeji, kaka wa mke wangu, amepata mgahawa unaotaka kuitundika pikipiki ukutani iwe pambo. Mimi nikaropoka kwamba bado inaweza kutembea. Mama mkwe, mwenye nyumba na mwenye mali, akakata shauri bila kuinua macho kwenye kitambaa anachofuma: "Jumamosi ya tarehe kumi na saba anakuja na gari. Ikitoka getini yenyewe, yako. Ikibebwa, yake."

Mzee aliipenda kuliko mguu wake. Ukutani, juu ya vichwa vya watu wanaokula – hapana.

Kitabu cha maelekezo ninacho, kurasa zimegandana kwa grisi. Nimeruka sura mbili za mwanzo, nimeanzia ya tatu: Kufungua Injini Sehemu ya Juu. Mimi ni karani wa masjala. Miaka ishirini na mbili sijapoteza jalada. Injini ni jalada lenye mafuta, basi. Kila nati nimeifunga karatasi yenye namba.

Jumanne, 6 Mei

Nimepoteza kitu.

Pini ya pistoni huzuiwa na vipete viwili vya waya, kimoja kila upande, vidogo kama hereni ya mtoto. Kitabu kinasema kabla ya yote ziba mdomo wa injini kwa kitambaa. Nimeisoma sentensi hiyo baada ya kumaliza. Kipete cha kulia nimekichomoa kwa bisibisi, nikasukuma pini, nikageuza pistoni nichukue cha kushoto – hakipo.

Ama kimerukia sakafuni, ama kimetumbukia tumboni mwa injini. Kama ni tumboni, injini yote ipasuliwe. Kazi ya mwezi. Nina siku kumi na moja.

Jumatano, 7 Mei

Magoti yanauma. Chini ya meza nimepata kifungo, punje za mchele, na risiti niliyomlaumu mke wangu mwaka jana kwa kuipoteza.

Mama mkwe alikuwa amefagia. Nikamuuliza kwa adabu zote, macho nikiyaelekeza dirishani, kama katika kufagia hakuona kijiduara cha waya. Akajibu kwamba yeye hufagia taka. Anayeacha mali yake chini aiwekee bango.

Nikapekua pipa la taka. Lote. Mke wangu akapita, akasema nikimaliza nisimguse mtu kabla ya kuoga. Kisha nikafunga uzi sumaku ya redio mbovu, nikaishusha tumboni mwa injini. Imepanda na masizi tu.

Shemeji kapiga simu kujua hali ya mgonjwa. Nikasema anaendelea. Akasema ukuta umeshapimwa.

Alhamisi, 8 Mei

Baada ya kazi nimepeleka silinda kwa fundi mchonga vyuma aipanue tundu, iingie pistoni mpya. Kwa miguu, silinda kwenye kapu. Nzito kama deni la dhambi.

Fundi akapitisha ukucha ndani. Akauliza nani aliifunga mara ya mwisho. Nikamtaja mzee kwa heshima yake: mtu aliyefungua saa, pampu na redio za mtaa mzima, zote akazirudisha.

Fundi akanionyesha mfereji upande wa kushoto. Pini ilikuwa inatembea, inakwangua ukuta. Mkwaruzo wa miaka, si wa juzi.

"Ndugu yangu, unatafuta kitu ambacho hakikuwemo."

Basi mzee alisahau kipete. Na mimi nimekumbatia pipa la taka kwa ajili yake. Nyumbani nitasema nini? Sifa za marehemu ndizo zinazoshikilia paa la nyumba ile. Funika kombe.

Jumatatu, 12 Mei

Silinda imerudi, inang'aa. Pistoni mpya, ringi mpya. Vipete havikuja nayo, na muuzaji kanitazama kama nimemwomba mbawa. Ninacho kimoja. Nikalalamika kidogo mezani, kwa sauti ya mtu anayejisemea.

Mama mkwe akainuka. Akarudi na kopo la vifungo, akachokora kwa kidole, akaweka kitu juu ya gazeti langu.

Kipete.

Akasema siku ile mzee alipomaliza kufunga, hiki kilibaki. Alimwonyesha. Mzee akajibu ni cha ziada, kiwandani huwa wanaweka vya akiba. Yeye akakihifadhi. Miaka thelathini na moja kimekaa na vifungo. Juzi nilipokuwa kwenye pipa, kopo lilikuwa kabatini, na yeye dirishani.

"Eti baba, kilikuwa cha ziada?"

Nikasema ndiyo mama, cha ziada.

Akavuta kiti. Akanitazama nikikisukuma mahali pake upande wa kushoto. Kikaingia tap, kama mtu aliyerudi kwenye kitanda chake.

"Haya," akasema. Akachukua kopo lake.

Alhamisi, 15 Mei

Valvu nimezisaga. Nimemimina mafuta ya taa nyuma yake nikangoja saa nzima – hakuna tone lililopita. Hedi imefungwa, nati kwa mpangilio wa namba, na injini imerudi kwenye pikipiki.

Mezani hakijabaki kitu. Nimehesabu mara mbili. Mama mkwe kahesabu mara tatu.

Jumamosi, 17 Mei

Shemeji kafika saa nne na gari, kamba, na blanketi la kuifunikia. Kiki kumi na moja, kimya. Shemeji akaanza kukunjua kamba. Ya kumi na mbili ikawaka.

Moshi kidogo, kisha mlio safi, wa kutulia. Mama mkwe akaacha kufuma. Akasema ndiyo sauti yake, ila zamani ilikuwa na kikohozi upande wa kushoto.

Shemeji si mtu wa kushindwa vibaya. Akakunja kamba, akafungua geti mwenyewe, mabawa yote mawili. Kuwaka si kutoka, akasema, twende. Majirani wamejipanga. Mama mkwe akawaambia, "Mpisheni."

Nikasema nafuata kofia.

Niko chumbani, naandika nimesimama. Kofia ninayo. Nje inanguruma, haina haraka. Mke wangu kaniita mara mbili. Sura ya kwanza ya kile kitabu inaitwa Kuendesha. Ofisini mimi huenda kwa miguu, na kwa miaka yote hii hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Sijawahi kuendesha pikipiki.