Kanga ya Mama Nimeikata

Dada Zuhura, shikamoo. Joto la hapa Mbamba Bay na harufu ya dagaa wa usipa walioanikwa vinanifanya niitamani baridi ya kwetu Mbinga.

Leo nimekaa na Mama Tekla, anayeshona nyavu ufukweni. Akaniuliza mbona natembea na kanga nisiyoivaa. Nikamwambia ni ya marehemu mama. Nataka kuishonea kwenye picha ya vitambaa ninayoitengeneza juu ya gunia la kahawa, ila tangu msiba naogopa kushika mkasi.

“Wavu huu ni wa marehemu baba,” akasema. “Nisingeukata na kuuunga, ungekuwa umeshaoza.”

Nikakata. Nimeshona mchana kutwa huku nalia, natamani ungekuwa ubavuni kwangu. Upande wenye maandishi sijaugusa. Huo ni wako.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanaidi