Kompyuta Inarenda Kicheko Changu

Pasiansi, Jumamosi, Novemba 1999

Mvua imenyesha tangu asubuhi na ziwa limepotea kabisa. Ukisimama mlangoni kwetu unaona mawe, migomba ya jirani, halafu weupe mtupu. Nina furaha. Naandika hivyo kwanza, kwa sababu leo nimepita kwenye aibu na hofu na machozi kidogo, na nisipotanguliza neno hilo nitakapokuja kusoma ukurasa huu siku za mbele nitadhani niliteseka.

Huu ni mwezi wa tatu wa ndoa na bado nikisikia Deo anafungua geti moyo unanidunda kama wa msichana wa kidato cha pili. Dada yake mkubwa, wifi Leokadia, ananicheka. Anasema nisubiri nifue soksi zake mwaka mzima ndipo nizungumze habari za moyo.

Mimi nafua soksi zile huku naimba.

Deo wangu anapiga video za harusi. Ana chumba kimoja Mabatini, nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli, na mwaka huu ameuza pikipiki yake akanunua kompyuta iliyotumika, kutoka kwa mtu aliyeileta toka Dar. Siku hizi kila kitu kinaingia mjini, nguo, redio, magari, na sasa hata mashine za kukata na kuunganisha picha. Hivyo kila asubuhi mume wangu anakwenda Mabatini kwa miguu, na mimi namsindikiza hadi barabarani kama vile anasafiri kwenda Ulaya.

Mara nyingi siishii barabarani. Nakwenda naye mpaka dukani. Naandika majina ya maharusi kwenye makasha ya kanda kwa mwandiko wangu mzuri, napanga waya, na nimekaa pale kiasi cha kuwa na maoni yangu kuhusu kazi yenyewe.

Zamani Deo alitumia deki mbili. Hii inacheza, ile inarekodi, basi. Hakuna kusubiri, lakini ukikosea katikati unarudi mwanzo, na kanda ikinakiliwa mara mbili sura za watu zinakuwa kama zimeoshwa na sabuni kali. Kwenye kompyuta ana programu mbili. Ya kwanza tunaiita ya Maua. Hiyo inaweka mioyo, inageuza picha kama ukurasa wa kitabu, inadondosha herufi kama mvua, na inaweza kumfanya bibi harusi atembee taratibu kama anaelea. Ya pili tunaiita ya Kijivu kwa sababu ya sura yake. Inakata, inaunganisha, inafifisha picha na kuirudisha. Haijui kingine.

Tofauti yao kubwa ni kusubiri. Pambo lolote la programu ya Maua lazima lirendwe, ndivyo wanavyosema mafundi, maana yake kompyuta inachora upya picha moja baada ya nyingine, na video ya sekunde moja tu ina picha ishirini na tano. Kwa mashine yetu, ukiomba mioyo kwenye wimbo mmoja unaweza kupika maharage mabichi yakaiva, mkala, mkaosha vyombo. Umeme ukikatika unaanza upya. Diski nayo ni ndogo, kipande kikikamilika lazima kirekodiwe kwenye kanda na kufutwa ili kingine kipate nafasi.

Deo ni mtu wa Maua. Anasema bibi harusi wa Mwanza siku hizi hachukui kanda isiyo na mioyo. Mimi ni mtu wa Kijivu, nakiri, na sababu yangu si ya kitaalamu. Mume anayesubiri kompyuta irende anarudi nyumbani mwili tu, masikio yameachwa Mabatini.

Haya. Sasa jambo lenyewe.

Harusi yetu wenyewe ndiyo imekaa muda mrefu kuliko zote bila kuhaririwa, kama nyumba ya seremala isiyo na kiti. Wiki hii mama alituma salamu kwamba anakuja kuichukua kanda. Kijijini kwetu Majita watu wote wanaingoja, kuna mwalimu mwenye televisheni na jenereta, na shangazi, dada yake baba, ameshatangaza siku ya kuiangalia.

Na mimi nilikuwa naiogopa kanda ile.

Kwetu binti akitolewa nyumbani analia. Hata kama anaolewa na malaika, analia, la sivyo watu watasema alikuwa amechoka na ugali wa wazazi wake. Shangazi alinifundisha siku tatu. Tazama chini. Shika kitambaa. Ukikosa machozi mkumbuke bibi yako. Nilijiandaa vizuri. Nikatoka mlangoni nimeshikwa mkono na mama, macho chini, na mama analia kweli, kisha nikainua macho kidogo tu nimwone Deo.

Alikuwa amesimama mbele ya gari na suti yake, na kwa mazoea ya kazi alikuwa ameinua mikono miwili usoni kama ameshika kamera. Kamera alikuwa nayo rafiki yake. Bwana harusi alikuwa anapiga picha kwa hewa.

Nikacheka. Nilicheka meno yote nje, mama yangu akilia pembeni yangu hadi mabega yakamtikisika, akajifunika uso kwa kitenge. Watu wote walimwona mama na wakamsifu. Watu wote waliniona mimi pia. Wifi Leokadia aliniambia jioni ile ile, "Wifi, ungeomba hata kitunguu tukuletee."

Tangu siku hiyo nimebeba kitu ambacho sijamwambia mtu isipokuwa wewe, shajara yangu. Mama hajawahi kukitaja kicheko kile. Hata mara moja. Na mama anapokaa kimya juu ya jambo ujue limemuuma.

Kwa hiyo nilimwomba Deo akikate kipande hicho. Kwa programu ya Kijivu ni kazi ya kufumba na kufumbua, unakata hapa, unakata pale, bibi harusi anatoka mlangoni na tayari yuko ndani ya gari. Deo alinitazama kama nimemwambia auze kompyuta. Yeye alikuwa amepanga kukiweka kicheko hicho katika mwendo wa taratibu, na mioyo ikizunguka. Akasema kwamba katika harusi zote alizopiga, ile ndiyo mara pekee alipomwona bibi harusi anamfurahia mtu aliyekuja kumchukua, na mtu huyo alikuwa yeye, na hawezi kuikata kwa mkono wake.

Ukiambiwa hivyo na mume unayempenda, unafanya nini? Nilinuna kidogo, nikambusu, nikanuna tena. Huko ndiko kulikuwa kutoelewana kwetu kwa kwanza. Tukakubaliana airende kwanza kama anavyotaka, niitazame, kisha neno la mwisho liwe langu.

Jana umeme ukakatika karibu na mwisho. Leo asubuhi akaanza upya, akaiwekea feni ya nyumbani kwetu ubavuni isipate joto, na akatoka kwenda kupeleka kanda za watu Butimba. Mimi nikabaki nikilinda.

Programu ya Maua ikirenda inakuonyesha kwenye kioo kizima picha inayoichora wakati huo. Picha moja inakaa, inakaa, halafu inakuja inayofuata ambayo ni karibu ile ile. Sikuwa na kazi nyingine. Nikajiangalia ninavyoinua macho. Nikaangalia mdomo unavyofunguka kidogo kidogo, na moyo mwekundu ukipita juu ya shela yangu kwa mwendo wa konokono. Niliona haya peke yangu chumbani.

Nikaamua kumtazama mama badala yangu.

Analia. Machozi yapo, nayaona shavuni. Picha inayofuata, analia. Kisha kichwa chake kinaanza kugeuka upande wangu. Ananiona ninavyocheka. Nilitaka kufumba macho hapo, lakini picha ilikuwa imeganda na haikuwa na haraka ya kuondoka. Ikaja nyingine, nyusi zimelegea. Ikaja nyingine, pembe ya mdomo imepanda. Kisha mama yangu, mwenye machozi mashavuni, alikuwa anacheka. Pengo lake la pembeni lilionekana wazi. Halafu kitenge kikapanda kikafunika yote, na chini ya kitenge mabega yakaanza kutikisika.

Katika mwendo wa kawaida jambo hilo ni la kufumba jicho. Hakuna aliyeliona. Mimi niliyemshika mkono sikuliona.

Nililia mbele ya kompyuta, machozi yale ambayo shangazi alinidai siku ya harusi.

Kisha nikaogopa upya, na hofu hii ilikuwa ya namna nyingine. Kijiji kizima kimemsifu mama kwa kilio kile. Kanda hii ikichezwa kwa mwalimu, taratibu hivi, na shangazi amekaa mbele kama kawaida yake, aibu haitakuwa yangu tena. Itakuwa ya mama.

Mama alifika Mabatini mchana, kitenge kimelowa, na kikapu cha samaki wakavu. Nilimsalimu, nikampokea mzigo, nikamweka kwenye kigoda mbele ya kompyuta. Deo alikuwa ameshafika. Akamwamkia toka mlangoni, shikamoo mama, mama akaitikia akitazama pembeni, na kwa heshima ya mkwe Deo hakuweza kuingia kwenye chumba kidogo kile. Akasimama nje chini ya bati na mvua ikimrashia viatu. Basi ikabidi niiendeshe mashine mwenyewe. Nilijua kubonyeza wapi. Kipande kilikuwa kimekamilika.

Nilimwambia tu kwamba kuna sehemu aitazame kabla sijampa kanda.

Akaitazama hadi mwisho, mikono magotini. Kisha akasema nirudishe. Nikarudisha. Kurudia hakuhitaji kusubiri, kilichorendwa kimerendwa.

"Kumbe ilionekana," akasema.

Nikamwambia haikuonekana, ni mashine tu imeipunguza mwendo, na nikamwambia nitaikata sasa hivi, nusu dakika, shangazi hataona kitu. Nilikuwa naongea haraka haraka kama mtu aliyevunja sahani. Yeye alikuwa bado anakitazama kioo, kilichoganda kwenye kitenge na mioyo ya Deo.

"Ulipocheka vile nikasema basi, huyu anakwenda anakopenda," akasema kwa Kijita, taratibu. "Kicheko kikanitoka. Nikakificha, si unawajua watu wetu."

Nikasema ndiyo, nawajua.

Nje Deo akakohoa.

"Mimi siku yangu nililia, Vero. Hakuna aliyenifundisha."

Nikaishika mikono yake. Ilikuwa bado ina baridi ya mvua.

Baadaye alisema maneno ya kawaida. Ya kijijini ikatwe, kwa ajili ya shangazi. Mkwe aitwe aingie, yeye atatoka, mtoto wa watu asije akaugua kwa ajili ya heshima. Nilipomuuliza kuhusu kipande cha taratibu alisema kisifutwe, kikae kwangu, na akaomba akione mara ya tatu.

Nimekata kwa programu ya Kijivu mwenyewe, Deo amesimama nyuma yangu. Bibi harusi anatoka mlangoni, picha inafifia, yuko garini. Hata mkato hauonekani. Kipande kizima tumekirekodi kwenye kanda ya peke yake. Kasha lake sikuliandika kitu. Deo anataka kujua sasa nipo upande wa programu ipi, nimemwambia ale samaki.

Sasa ni jioni. Deo amekwenda kulala kwa rafiki yake ili mama apate chumba, na tayari namkumbuka, nimenusa shati lake mara mbili kama mwendawazimu. Mama yupo jikoni, amekataa nimpikie, anaosha mchele na kusonya kwa sababu visu vyangu ni butu. Namwona mgongo kutoka hapa ninapoandika.

Nimeishi naye miaka yangu yote. Najua anavyokunja mkeka, najua wimbo anaoanza nao kila Jumapili. Baba humngoja njiani akitoka shamba, akampokea jembe, na mimi nilidhani walianza hivyo hivyo.

Kesho tutakwenda kanisani sote. Tukitoka Deo atatangulia, atapata sababu, nimeshamnong'oneza. Nitarudi na mama kwa njia ya ziwani, sisi wawili. Nitamuuliza siku ile ilikuwaje, na akinyamaza njia nzima nitanyamaza naye. Sitamharakisha.