Kadi Moja na Kiwanja cha Mama Yako

Kaka Mhina,

Nakuomba barua hii ibaki kwako. Usimwonyeshe mtu huko uliko, hata marehemu baba yangu kama mmekutana. Siku hizi simwamini yeyote, na nisikufiche, hata wewe nakushuku kidogo.

Tangu tukuzike Sindeni hakuna aliyekalia kiti chako. Mimi nimepewa kukagua programu uliyoiacha, ile inayogeuza maagizo yetu kuwa lugha ya ile mashine kubwa ya hesabu, kompyuta ya Dar es Salaam. Naisoma kwenye karatasi, mstari kwa mstari, kwa rula. Nimefika pale ulipokuwa ukijivunia. Mtu akitoboa kwenye kadi ya maagizo "chukulia kina cha maji hakizidi mita mbili," programu yako inamwamini, inajiwekea mipaka, kisha inafuta kila swali ambalo kwa mipaka hiyo jibu lake linajulikana. Ulisema mashine isipoteze muda. Nilipouliza, je, kama huyo mtu amekosea, ulicheka. "Nyie Wasambaa mnaogopa hata kivuli cha mlima wenu. Mashine ni karani, dada. Inamwamini mkubwa wake."

Kaka, kadi ya namna hiyo imo katika hesabu ya viwanja vya kijiji kipya, kule bondeni. Mita mbili. Chini yake tuliuliza: kama kina kinazidi mita tatu, andika "pasijengwe." Programu yako imelifuta swali hilo. Karatasi imerudi kutoka Dar bila "pasijengwe" hata moja, na vipimo vya masika vimo humo humo, mita nne na zaidi. Watu watahamishiwa huko baada ya mavuno. Kiwanja cha mama yako ni cha pili kutoka mtoni.

Kwanza nilimshuku mkuu wa ofisi, maana kijiji ameshakitangaza. Nilipompelekea karatasi alisema bila kuinua kichwa, "Ndugu, umepewa kukagua programu, hukupewa kukagua watu." Tangu hapo naikuta droo yangu iko wazi, au nadhani hivyo. Nikaingia stoo nikaitafuta kadi yenyewe. Ukingoni ina namba ya penseli. Mwandiko ni wangu.

Ndipo nilipokumbuka. Kilikuwa kiangazi, tukila mihogo ya kuchoma juu ya makaratasi, na vipimo tulivyokuwa navyo ni vya kiangazi tu. Ulisoma, nikaitoboa. Ukasema, "Weka hii tujaribu, tutaitoa." Kisha ukalazwa hospitali. Vipimo vya masika vilipokuja nilivipanga nyuma ya kadi ile ile, bila kuitazama.

Lakini wewe, uliikumbuka? Nilikuja hospitali mara tatu. Uliniuliza habari za kazi, nikasema inakwenda vizuri. Ulinitazama sana. Sijui kama ulitaka kusema, au ulikuwa unanitazama tu. Hilo linanitafuna, kaka.

Juzi mama yako alinitumia mahindi mabichi. Msibani alimwambia kila mtu kwamba mwanawe ndiye aliyepima kijiji. Nikisema, jina lako litachafuka pamoja na langu, na mimi bado niko kwenye majaribio ya kazi. Nikinyamaza, masika yatamkuta amelala pale.

Nitasema. Jumatatu naitoa kadi, napeleka hesabu upya, na maelezo nayaandika kwa mkono wangu: kadi niliitoboa mimi, kwa agizo lako, na programu isifute tena swali kwa neno la mtu ambalo halijapimwa. Kabla ya hapo nitakwenda Sindeni nimwambie mama yako mwenyewe, asisikie kwa watu. Nakuahidi. Nisamehe, nami nitajaribu kukusamehe. Pumzika, kaka.

Ukiwa na neno, usije ofisini. Niko Kilole kwa shangazi, chumba cha uani. Jumapili wote wakienda kanisani nabaki peke yangu. Usiponikuta, ujue nimefukuzwa. Niulizie kwa mama yako, kama bado ananipokea.

Mdogo wako,
Agnesi