Mwaka Alioutaja Mama

Kambi ya Keza, Ngara
Agosti 1995

Kaka Ishimwe,

Huku tu wazima. Kifua cha mama kimepoa kidogo. Wasalimie waliokupokea huko Nyamigogo.

Mwalimu Renatus alitutembelea. Anakusanya habari za wanariadha kwa ajili ya ensaiklopidia itakayochapwa Dar es Salaam, na mdogo wetu Niyomugabo amepewa mistari minne, kwa kuwa aliwahi kuwa wa sita katika mita elfu kumi. Mwalimu alikuwa ameanza kuiandika hivi: "Mkimbizi kutoka Burundi." Mama akamwambia taratibu, "Mwalimu, mwanangu alikuwa mkimbiaji. Wakimbizi ni sisi."

Renatus akafuta. Kisha akauliza kama yu hai. Unajua tangu alipovuka mto Ruvubu kurudi kumchukua baba, hatujapata habari ya yeyote kati yao. Nikasema pa mwaka wa kufa paachwe wazi, nikidhani namhurumia mama.

Mama aliendelea kumenya ndizi hadi zikaisha. Ndipo akasema, "Andika alikufa mwaka jana. Pakiachwa wazi nitamngoja mpaka nami nife. Na uandike kwamba alirudi kwa ajili ya baba yake."

"Mama, hiki ni kitabu cha michezo," Renatus akasema.

"Kwani alirudi kwa gari? Alikimbia."

Renatus akaandika. Alipoondoka, mama alitandika mkeka nje ya hema na kukaa chini. Majirani wameanza kuja kutupa pole. Njoo, kaka, tumlie pamoja.

Dada yako akungojaye,
Uwimana