Kompyuta Siiuzi

Pasiansi,
Mwanza.
14 Septemba 1997

Mpendwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Mgongo umepata nafuu? Na Mama Mkubwa, ile dawa ya macho imemsaidia? Mimi ni mzima, ila vumbi la huku limenipa mafua.

Shimba alifika salama kwa treni akanipa ujumbe wako: niuze kompyuta, nirudi Tabora, niolewe na yule mwenye duka la Urambo.

"Dada, Baba kasema nisirudi bila wewe," aliniambia akiwa bado mlangoni.

"Mwambie umenikuta kazini," nikamjibu.

Baba, Shimba anarudi peke yake. Usimgombeze. Amenibembeleza mpaka sauti imemkauka.

Unakumbuka walivyotuachisha kazi ofisi ya pamba? Walisema kompyuta itafanya kazi yetu sote. Wenzangu walilia. Mimi nilikasirika, nikataka nimwone huyo aliyekalia kiti changu. Nikamwendea Josephat, fundi wa kompyuta mjini, nikamwambia anifundishe. Alicheka, lakini akanifundisha.

Wakati ule programu ya hesabu ilikuwa Lotus, kioo cheusi na herufi za kijani, kila amri unaibonyeza kwa vidole. Nikapanga kilo za pamba za kila kijiji. Kisha nikabadilisha kilo za kijiji kimoja tu, na jumla zote mpaka chini zikajirekebisha zenyewe! Baba, kazi ile ofisini ilikuwa kufuta ukurasa mzima na kuanza upya. Nilipiga vigelegele, Josephat akadhani nimepigwa na umeme.

Siku hizi kuna Excel. Unasogeza kijidude wanakiita mausi, na namba zile zile zinageuka mchoro wa rangi ambao hata asiyejua hesabu anauelewa. Kila wakitoa mpya, naikimbilia kama mtoto anayekimbilia ngoma. Wala sioni haya.

Majirani wanasema nimeolewa na kompyuta. Waseme. Nimepanga chumba hapa Pasiansi, na kesho Jumatatu nafungua darasa. Wanafunzi wa kwanza ni wale makarani tuliofukuzwa pamoja, na Paskazia anayeuza dagaa. Mumewe amemkataza. Paskazia amesema atakuja hivyo hivyo.

Wewe ndiye uliyenilea baba alipofariki, ukanisomesha wakati watu wanakucheka kwa kumsomesha msichana. Hukuwasikiliza. Ukaidi huu sikuuokota Mwanza.

Naomba baraka zako. Ukininyima nitalia sana, Baba, lakini mlango nitaufungua saa mbili asubuhi.

Nisalimie Mama Mkubwa, shangazi Sabina na watoto wote. Yule bwana wa Urambo mwambie atafute mwingine, namtakia heri.

Mungu akutunze, akuondolee maumivu ya mgongo.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata ukiwa umenuna,

Teodora Masalu