Mama Kulwa, Nimewafuata Tuliowarudisha Nyumbani

Mama Kulwa,

Shikamoo. Nina habari, na mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia ni wewe. Tangu tukuzike kijijini Samuye sijawahi kufurahi namna hii.

Unakumbuka wodi yetu uliyoisimamia, wagonjwa wawili kitanda kimoja, hadi ulipoanzisha utaratibu wa kupitia kila faili asubuhi pamoja na daktari: huyu lazima alazwe, au atibiwe arudi kwake? Watu wakasema tunafukuza wagonjwa. Msongamano ulipopungua nikashangilia, wewe ukanikatiza: "Kitanda kitupu hakithibitishi kitu, Neema. Aliyerudi nyumbani yukoje?" Ukafa kabla hatujajua.

Daktari mpya alipokuja, akataka kuufuta utaratibu. "Mna ushahidi gani kwamba unasaidia?" Sikuwa nao. Nikaomba muda. Nikachukua daftari lako la waliorudishwa na lile la kabla hujaanza utaratibu, nikawatafuta watu kwa simu na kwa bodaboda. Siku zangu za mapumziko zote ziliishia humo.

Mzee Masanja nilimkuta malishoni. "Siku ile niliwalaani, ng'wana wane, mwanangu," akasema, "lakini nimepona huku nawaona ng'ombe wangu." Wengi walikuwa kama yeye. Wamepona sawasawa na wale wa zamani, wa magonjwa yaleyale, ambao tuliwalaza wote. Mama, nilipomaliza kulinganisha nilishindwa kukaa. Nilizunguka meza tu.

Lakini Shija, mchimba dhahabu wa Kharumwa, tulimkosea. Tulimrudisha na homa ya mapafu kwenye kibanda cha machimboni, peke yake, hana wa kumpa hata maji. Wenzake walimbeba hadi zahanati hajitambui. Amepona, namshukuru Mungu. Akaniambia, "Mliniuliza naumwa wapi. Hamkuniuliza naishi na nani." Nililia mbele yake.

Niliandika yote, na la Shija pia. Daktari alisoma hadi mwisho, akavua miwani. "Endeleeni. Na swali la huyu mchimbaji liingie kwenye fomu." Limeingia. Juzi kwa swali hilo tumemlaza bibi mmoja asiye na mtu nyumbani.

Kesho kutwa wauguzi wa Kahama wanakuja kujifunza, na mwalimu ni mimi, ambaye ulinifundisha hata kushika sindano. Nakuahidi nitaanza na kosa letu, ndipo niwaambie tulipofanikiwa.

Pumzika sasa, mama yangu. Jibu tunalo.

Neema